Shule ya Serikali na Shule ya Kanisa: Ulinganisho wa Elimu ya Wajerumani na ya Waingereza katika Afrika Mashariki

Utangulizi

Ukitoka mjini Mbale kuelekea mlima Wanale utapita shule kadhaa za msingi. Kila moja ina kibao chake kando ya barabara, na mara nyingi mwishoni mwa jina la shule kuna herufi: C/U kwa shule iliyoanzishwa na Kanisa la Uganda, yaani Waanglikana, au R.C. kwa ile iliyoanzishwa na Wakatoliki. Ziko pia zilizoanzishwa na Waislamu. Nimekulia chini ya mlima huo na sikuwahi kujiuliza maana ya herufi hizo. Katika mwaka wangu wa kwanza chuoni, mwenzetu mmoja kutoka Tanga, Tanzania, aliniuliza: "Hizi ni shule za serikali au za kanisa?" Nikamjibu kwamba ni za wote wawili. Walimu hulipwa na serikali, lakini kanisa ndilo mwanzilishi na bado lina sauti katika mambo ya shule. Akashangaa. Kwao, alisema, shule ya msingi ni ya serikali, na kwa kawaida ina jina la kijiji au la mtu, basi. Kisha akauliza swali la pili: "Na kwa nini ninyi mnajifunza Kiswahili kama lugha ya wageni?"

Swali la pili liliniudhi kidogo, kwa sababu lilikuwa la kweli. Insha hii ni jaribio la kuyajibu yote mawili. Nitaonyesha kwamba majibu yake yana mzizi mmoja. Wajerumani na Waingereza walipogawana nchi zetu mwaka 1890, kila taifa lilikuja na mazoea yake ya shule. Wajerumani walizoea kwamba shule ni jambo la serikali. Waingereza walizoea kwamba shule ni jambo la kanisa na watu binafsi, na serikali husaidia kwa fedha kidogo. Tofauti hiyo ilipandwa Tanga kwa namna moja na Uganda kwa namna nyingine, na matunda yake tunayala mpaka leo.

Shule nyumbani kwao

Tuanze Ulaya, maana mtu hujenga ugenini nyumba anayoijua. Katika Prussia, dola kubwa kuliko zote zilizounda Ujerumani mwaka 1871, mfalme Friedrich wa Pili alitoa amri mwaka 1763 kwamba watoto wa vijijini lazima waende shule. Amri hiyo haikutekelezwa mara moja, lakini mwelekeo ulikuwa umewekwa. Sheria kuu ya Prussia ya mwaka 1794 ilitamka kwamba shule ni taasisi za dola. Walimu walifundishwa katika vyuo vya serikali. Mwaka 1872, wakati wa ugomvi wa Bismarck na Kanisa Katoliki, sheria ilithibitisha kwamba ukaguzi wa shule ni haki ya serikali, si ya padre wala mchungaji. Dini iliendelea kufundishwa darasani, lakini mwenye shule alijulikana.

Uingereza ilikuwa tofauti kabisa. Mwanzoni mwa karne ya 19 shule za watoto maskini ziliendeshwa hasa na vyama viwili vya dini, kimoja cha Waanglikana na kingine cha madhehebu mengine ya Kiprotestanti. Serikali ilipoanza kusaidia mwaka 1833, ilitoa pauni 20,000 tu, na fedha hizo zilipitia mikononi mwa vyama hivyo viwili. Ni mwaka 1870 ndipo sheria iliporuhusu kuanzishwa kwa shule za umma mahali ambapo kanisa lilikuwa halijafika. Kusoma kukawa lazima mwaka 1880, na ada katika shule nyingi za msingi ikaondolewa mwaka 1891. Watoto wa matajiri walikuwa na shule zao za bweni, kama Eton, ambako walifundishwa michezo, nidhamu na namna ya kuongoza wengine.

Angalia miaka hiyo vizuri. Uingereza iliifanya Uganda kuwa nchi lindwa mwaka 1894. Wakati huo serikali ya Uingereza yenyewe ilikuwa bado mgeni katika kazi ya kuendesha shule. Wajerumani kwa upande wao walikuwa na desturi ya zaidi ya miaka mia moja.

Wajerumani: shule ya Tanga

Serikali ya Ujerumani ilichukua utawala wa Afrika Mashariki ya Kijerumani kutoka kwa kampuni ya biashara mwaka 1891. Mwaka uliofuata, 1892, shule ilifunguliwa Tanga, na baadaye zikafuata shule katika miji mingine ya pwani. Watawala walikuwa na shida iliyo wazi: walihitaji makarani, wakalimani, watoza kodi na walimu. Watu wa pwani waliojua tayari kuandika walikuwa Waislamu, na wasingekubali kupeleka watoto wao katika shule za wamisionari. Kwa hiyo serikali ilifungua shule zisizofundisha Ukristo. Wamisionari walilalamika sana, wakisema kwamba serikali ya nchi ya Kikristo inajenga Uislamu, lakini serikali haikurudi nyuma.

Lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili. Mtoto alianza katika shule ndogo kwa kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu. Aliyefaulu alikwenda shule kuu ya mji, na wachache waliingia katika ualimu, ukarani au ufundi kama vile useremala na uchapaji. Hati za Kiarabu zilizokuwa zikitumika pwani ziliachwa polepole, na herufi za Kirumi zikachukua nafasi yake ofisini. Kuanzia mwaka 1904 gazeti la Kiswahili liitwalo Kiongozi lilichapishwa Tanga, na waliolisoma zaidi walikuwa wahitimu wa shule hizo waliotawanyika kote nchini.

Waingereza walipoitwaa nchi hiyo baada ya Vita Kuu ya Kwanza, walikuta jambo ambalo hawakulizoea kwingineko. Ofisa aliweza kumwandikia akida au jumbe wa mbali barua kwa Kiswahili na akapata jibu kwa Kiswahili. Waingereza wenyewe walikiri katika taarifa zao kwamba hayo ni matunda ya shule za Wajerumani.

Hata hivyo tusiwasifu Wajerumani kupita kiasi. Shule zao hazikujengwa kwa ajili ya maendeleo ya Mwafrika. Zilijengwa ili utawala uwe rahisi na wa bei nafuu. Baadhi ya waliosoma humo ndio waliokuwa maakida waliokusanya kodi na kuwasimamia watu katika mashamba ya pamba ya lazima, na chuki dhidi ya maakida ilikuwa moja ya sababu za vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Aidha, shule za serikali zilikuwa chache. Mwaka 1914 zilikuwa na wanafunzi wapatao 6,000 tu, wakati shule za misheni katika koloni hilohilo zilikuwa na zaidi ya laki moja. Kwa idadi, hata kwa Wajerumani kanisa ndilo lililofundisha watu wengi. Lakini serikali ndiyo iliyoajiri, na aliyetaka kazi alijua lugha ya kazi ni ipi.

Waingereza: shule za Uganda

Uganda mambo yalianza kwa njia nyingine. Wamisionari wa CMS walifika Buganda mwaka 1877 na Mapadre Weupe wa Kikatoliki mwaka 1879, miaka mingi kabla ya bendera ya Uingereza. Mwanzoni hata wao walitumia Kiswahili, maana katika ikulu ya Kabaka Mutesa kulikuwa na wafanyabiashara wa pwani na wakubwa wengi walikielewa. Alexander Mackay wa CMS alifundisha kwa kutumia maandiko ya Kiswahili. Baadaye viongozi wa kanisa waligeuka. Askofu Alfred Tucker alikiona Kiswahili kuwa karibu mno na Uislamu. Biblia nzima ikatoka kwa Luganda mwaka 1896, na kuanzia hapo msomaji, mbatizwa na Luganda vilikwenda pamoja.

Serikali ya Uingereza iliridhika kuwaachia wamisionari kazi hiyo. Mapadre wa Mill Hill walianzisha Chuo cha Namilyango mwaka 1902. CMS walifungua shule ya wasichana Gayaza mwaka 1905 na King's College Budo mwaka 1906. Budo ilijengwa juu ya kilima wanakotawazwa Makabaka, ikiwa na mabweni na michezo kwa mfano wa shule za bweni za Uingereza. Serikali ilitoa ruzuku ndogo tu, kama ilivyofanya kwao mwaka 1833. Idara ya elimu ya serikali ya Uganda ilianzishwa mwaka 1925, baada ya tume ya Phelps-Stokes kupita Afrika Mashariki mwaka 1924. Yaani kwa miaka 30 nzima nchi ilikuwa na shule lakini haikuwa na ofisi ya serikali ya kuzisimamia.

Huku kwetu mashariki hali ilikuwa na pande mbili. Utawala uliletwa na Semei Kakungulu, mkuu wa vita Muganda aliyewatumikia Waingereza, ambaye makao yake ndiyo yaliyokua na kuwa mji wa Mbale. Alifuatana na mawakala na walimu wa dini Waganda, na Luganda ikawa lugha ya baraza na ya kanisa hata kwa Wagisu. Wakati huohuo mmisionari J. B. Purvis, aliyefanya kazi kwetu chini ya mlima Elgon, aliandika kitabu cha sarufi ya Lumasaba kilichochapishwa mwaka 1907. Lugha ya mama ilipata sarufi mapema, lakini mtoto aliyetaka kuendelea alilazimika kujua Luganda, kisha Kiingereza. Kiswahili hakikuwa na mlango katika ngazi hiyo.

Mabishano ya lugha, 1927 hadi 1952

Mwaka 1927 Gavana William Gowers aliandika waraka akitaka Kiswahili kiwe lugha ya elimu na utawala katika sehemu kubwa ya Uganda. Hoja yake ilikuwa ya kiutawala: Uganda ina lugha nyingi, na serikali haiwezi kuchapisha vitabu kwa kila moja. Ni hoja ileile ya Wajerumani wa Tanga, ila imechelewa miaka 35.

Upinzani ulikuwa mkali. Kabaka Daudi Chwa alikataa, na maaskofu wa Kianglikana na Kikatoliki, ambao hawakukubaliana katika mambo mengi, walikubaliana katika hili. Mimi zamani nilidhani kwamba Waganda walikataa kwa kiburi tu. Nikiusoma wakati ule sasa naona walikuwa na sababu. Waingereza walikuwa wakizungumzia kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, na kule Kenya walowezi wa Kizungu walikuwa wamewanyang'anya Waafrika ardhi yao. Kwa Muganda wa mwaka 1929, Kiswahili kilikuwa lugha ya mtu anayeitwa "boi" shambani kwa mlowezi. Kukikubali kulionekana kama kukubali hali hiyo.

Kiswahili kilijaribiwa katika shule za mashariki na kaskazini katika miaka ya 1930, lakini hakikupata walimu wa kutosha wala uungaji mkono wa wenye shule, yaani makanisa. Hatimaye mwaka 1952 kiliondolewa katika orodha ya lugha za shule, kikabaki kwa polisi na watoto wao. Kwa kuwa jeshi pia lilikitumia, raia wengi walizoea kukisikia kwa mtu mwenye bunduki. Dhana hiyo iliongezeka wakati wa Idi Amin, aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Mpaka leo nikiongea Kiswahili sokoni Mbale wapo wanaouliza kwa utani kama nimejiunga na jeshi.

Hapa nataka kumtaja babu yangu. Alisoma miaka minne katika shule ya kanisa, akajifunza kusoma kwa katekisimu ya Luganda. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alishuka kutoka mlimani akaenda Jinja kutafuta kazi katika ujenzi wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Huko alikuta Wasoga, Wasamia, Wajaluo, Wateso na watu wengine wengi, na hawakuwa na lugha ya kuombana koleo isipokuwa Kiswahili. Alikijifunza kazini, bila mwalimu wala kitabu, na alikisema mpaka alipofariki, ngeli zikiwa zimechanganyika lakini maana haipotei. Kwa hiyo katika miaka ileile serikali ilipokuwa inakitoa Kiswahili darasani, babu na wenzake walikuwa wakikihitaji ili kujenga mradi mkubwa wa serikali hiyohiyo. Shule ilifundisha lugha ya kanisa na lugha ya ofisi. Lugha ya kazi na ya jirani haikuwa na mwenye shule wa kuisimamia.

Tathmini

Je, mfumo upi ulikuwa bora? Naona kila mmoja una deni lake.

Mfumo wa Wajerumani uliacha lugha moja ya maandishi na shule ambayo Mwislamu na Mkristo waliweza kukaa dawati moja. Lakini ulikuwa na dari fupi. Mwafrika angeweza kuwa karani, mwalimu au akida. Sekondari ya kweli hakujengewa. Pia wasichana walisahauliwa karibu kabisa katika shule za serikali.

Mfumo wa Waingereza Uganda uliacha shule za sekondari mapema, ukatoa wasichana wasomi, ukahifadhi lugha za wenyeji kwa maandishi, na mwaka 1922 ukaanza Makerere, ambako hata Julius Nyerere wa Tanganyika alikuja kusoma. Lakini uligawa watoto kwa dini tangu siku ya kwanza ya darasa. Haikuwa ajabu kwamba vyama vya siasa vilipozaliwa, DP ilionekana kuwa ya Wakatoliki na UPC ya Waprotestanti. Watu walikuwa wamefundishwa kukaa hivyo tangu utotoni.

Mtu anaweza kupinga hoja yangu akisema kwamba Kiswahili kilienea Tanganyika kwa sababu ya misafara ya biashara na pwani ndefu, si kwa sababu ya shule. Ni kweli kwamba Wajerumani hawakuanza na shamba tupu. Lakini misafara ilifika Buganda pia, na Mutesa alikijua Kiswahili kabla Tanga haijawa na shule. Tena kuna ushahidi mwingine: baada ya vita Waingereza walitawala nchi zote mbili. Kule Tanganyika walikuta msingi wa Wajerumani, wakaendelea na Kiswahili katika shule za msingi, na hata walipofungua shule ya Tabora mwaka 1925 kwa wana wa machifu kwa mfano wa shule zao za bweni, hawakuung'oa msingi huo. Kule Uganda walikuta msingi wa makanisa, na gavana mzima alishindwa kuubadilisha. Mtawala alikuwa mmoja na wakati ulikuwa mmoja. Kilichotofautiana ni msingi wa shule. Ndiyo maana Tanganyika huru iliweza kufanya Kiswahili kuwa lugha ya shule zote za msingi mwaka 1967, na kuzitaifisha shule za misheni miaka michache baadaye, bila nchi kutikisika.

Hitimisho

Katika insha hii nimelinganisha mifumo miwili ya shule iliyotoka Ulaya, nikaonyesha jinsi kila mmoja ulivyofuata desturi ya kwao: Wajerumani shule ya serikali, Waingereza shule ya kanisa yenye ruzuku. Herufi za kwenye vibao vya Wanale na ugeni wa Kiswahili katika madarasa yetu vimetoka katika desturi hiyo ya pili.

Jambo hili si la zamani tu. Mwaka 2005 Katiba yetu ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Ni uamuzi mzuri, lakini historia inatuonya. Waraka wa Gowers wa mwaka 1927 nao ulikuwa uamuzi wa juu, ukafa kwa kukosa walimu na kwa kutowashirikisha wenye shule. Tanga ilifaulu kwa sababu ilianza na darasa moja, ikatoa walimu, nao wakaenda kufungua madarasa mengine. Nadhani kazi yetu ianzie hapo. Kama kila mmoja wetu anayesoma somo hili atarudi katika shule moja, iwe ya C/U, ya R.C. au ya Waislamu, uamuzi wa 2022 utakuwa na miguu ya kutembelea. Kama tutabaki wote Kampala tukitafuta kazi za ofisini, utabaki karatasi.

Yule mwenzetu wa Tanga sasa ananisahihisha ngeli, nami namfundisha Lumasaba. Nimeshamjibu maswali yake yote mawili. Naye bado ananidai jibu la swali la tatu, kwamba baada ya kuhitimu nitafundisha wapi. Nimemwambia nitaanza na shule niliyosoma mimi mwenyewe, ile ya chini ya mlima.